Mdudu, Kasoro au Hitilafu? Kuhusu Tafsiri ya Neno la Kiingereza "Bug"

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayorudi mara kwa mara katika miswada ya tafsiri inayopita mikononi mwetu ni neno la Kiingereza "bug", kwa maana yake ya kompyuta. Baadhi ya wafasiri wamelitafsiri kwa neno "mdudu", na tafsiri hiyo imeanza kuandikwa pasipo hata alama za kunukuu, kana kwamba imekwisha kukubaliwa na wote. Kazi ya kutafuta na kurekebisha mambo hayo nayo imepewa jina la "kuondoa wadudu". Makala haya yanakusudia kueleza neno hilo la Kiingereza lilikotoka, kuipima tafsiri ya "mdudu", na kuonyesha kwa nini tunaona kuwa haifai. Tunayoyasema humu ni maoni yetu sisi tulioshika kazi ya istilahi. Si uamuzi wa Baraza.

Huenda msomaji akauliza kama jambo dogo hivi lastahili makala nzima. Tunajibu kuwa lastahili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, katazo ambalo lilikuja kulegezwa baadaye. Kwa miaka mingi, basi, istilahi za kompyuta zilikuwa shughuli ya wataalamu wachache. Mambo sivyo yalivyo leo. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, muuza samaki, kondakta wa daladala na mama lishe wote wamekuwa wateja wa programu za kompyuta. Mpangaji wa chumba kimoja Mbagala, anunuapo umeme wa LUKU, huingiza tarakimu 20 katika mita yake na kungoja mita ikubali. Mambo yakiharibika, kitu cha kwanza anachopewa mwananchi huyo ni neno. Ataambiwa kuwa mtandao unasumbua, au kuna hitilafu, au mfumo umegoma. Ikiwa sisi tunaotunga na kusanifu maneno tutampa neno bovu, tutakuwa tumemnyima njia ya kudai haki yake.

Asili ya neno

Kisa kinachosimuliwa kuhusu asili ya "bug" ni kizuri, na huenda uzuri wake ndio ulioipa nguvu tafsiri ya "mdudu". Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuwa wakiishughulikia kompyuta kubwa iliyoitwa Mark II. Ndani yake walimkuta nondo, yaani yule kipepeo wa usiku na wala si chuma cha kujengea, amenasa katika swichi mojawapo inayovutwa kwa sumaku. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe katika daftari la kumbukumbu za mashine. Daftari hilo limehifadhiwa hata leo katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani. Grace Hopper, mwanahisabati na ofisa wa jeshi la majini aliyefanya kazi katika mradi huo, alikisimulia kisa hiki mara nyingi katika hotuba zake, hata watu wengi wakaamini kuwa yeye ndiye aliyemkuta nondo huyo, na kwamba neno lilizaliwa siku hiyo.

Ushahidi unasema vingine. Mafundi wenyewe waliandika chini ya nondo yule kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mdudu wa kweli kupatikana. Maneno hayo ni utani, na utani huo hauna maana ila kama neno "bug" lilikuwa tayari likitumika kwa mdudu asiye wa kweli. Na ndivyo ilivyokuwa. Mnamo Novemba 1878 Thomas Edison, katika barua kwa Theodore Puskas, alilitumia neno hilo kutaja matatizo madogo madogo yanayojitokeza katika uvumbuzi mpya kabla haujawa tayari kuuzwa. Mwaka 1889 gazeti la Pall Mall Gazette la London liliandika kwamba Edison alikesha siku mbili akitafuta "bug" katika mashine yake ya kunasa sauti. Neno lilikuwa limekwisha kuwa la karakana za simu na umeme miaka 60 na zaidi kabla ya nondo wa Harvard kunaswa.

Tukirudi nyuma zaidi tunakuta jambo jingine. Katika Kiingereza cha kale cha zama za kati, "bugge" lilikuwa jina la kitu cha kutisha, kama zimwi au sanamu la kufukuzia ndege shambani. Maana ya mdudu ilikuja kuonekana katika karne ya 17, na wanaisimu hawajaafikiana kama maneno hayo mawili yana shina moja. Basi mfasiri anayetuambia kwamba "mdudu" ndiyo asili anatupa asili ya karibu tu. Kama asili ndiyo iwe hoja, kwa nini tusiseme "zimwi la programu"? Hakuna atakayekubali. Tafsiri ya istilahi hujengwa juu ya dhana inayotajwa na neno leo, wala si juu ya picha iliyomo katika neno la kigeni. Mfasiri akiichukua picha na kuiacha dhana, huwa amehamisha sanduku akakisahau kilichomo.

Mdudu katika Kiswahili

Lugha yetu nayo ina mambo yake kuhusu mdudu. Neno hili limekwisha kupewa kazi nyingi. Mtu mwenye uvimbe wa usaha kidoleni husema ana mdudu wa kidole. Jino likitoboka, twasikia kuwa limeliwa na mdudu. Katika mafunzo ya afya, viumbe wadogo waletao maradhi huitwa wadudu au vijidudu. Na katika mabaa ya jijini "mdudu" ni jina la mafichoni la nyama ya nguruwe. Tukiiacha maana hii ya mwisho, zilizobaki zinakwenda njia moja: mdudu ni kitu kilichotoka nje, kikaingia ndani ya mwili, kikala.

Hapo ndipo hatari ilipo. Katika istilahi za kompyuta tunalo neno "kirusi", ambalo limeenea na kukubalika. Kirusi cha kompyuta ni programu iliyotungwa makusudi na mtu mwenye nia mbaya, ikaingizwa katika mashine ya mwingine. Kile kinachoitwa "bug" ni kinyume chake: hakikutoka nje wala hakikutungwa kwa ubaya, kilizaliwa pamoja na programu yenyewe, kwa mikono ya aliyeitunga. Dhana hizi mbili hazina budi kutengana. Mtu wa Temeke akiambiwa kwamba simu yake ina mdudu atafahamu kuwa imeambukizwa. Atauliza aliambukizwa wapi, atajilaumu kwa kufungua picha fulani aliyotumiwa, na pengine atalipia dawa ya virusi, ilhali kosa ni la mtengenezaji na dawa ni mtengenezaji kulirekebisha.

Sarufi nayo inazidisha tatizo. "Mdudu" ni jina la ngeli ya kwanza, ngeli ya watu na viumbe wenye uhai, na upatanisho wake ni wa mtenda. Tutasema "mdudu ameingia", "mdudu amekula salio", "mdudu amevuruga hesabu". Katika sentensi hizi mtenda ni mdudu. Mtunga programu hayumo kabisa. Linganisha na "programu ina kasoro". Hapa kinachotajwa ni programu, na swali linalofuata laja lenyewe: nani aliyeitunga? Nani aliyeikagua? Nani aliyeiuza?

Hata wenye lugha ya Kiingereza wameliona jambo hili. Mwaka 1988 Edsger Dijkstra, mtaalamu mashuhuri wa kompyuta kutoka Uholanzi, aliwashauri wenzake waache neno "bug" na waseme "kosa". Hoja yake ilikuwa kwamba picha ya mdudu humfanya mtunga programu aonekane kama mtu aliyeingiliwa na kiumbe alipokuwa hatazami, kumbe kosa ni lake mwenyewe. Yatakuwa maajabu sisi kuuagiza kutoka ng'ambo mzigo ambao wenyewe wanashauriana kuutua.

Msomaji na akumbuke hofu ya mwaka 2000. Dunia nzima ilihangaika kwa sababu programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, hivi kwamba mwaka 2000 ungesomwa kama 1900. Hakuna kilichoingia katika mashine hizo kutoka nje. Watunga programu waliamua hivyo kwa sababu nafasi ya kumbukumbu ilikuwa ghali, na uamuzi wao ukarithiwa. Kuliita jambo hilo mdudu ni kuuficha uamuzi wa watu nyuma ya mabawa ya nondo.

Maneno tuliyo nayo

Wanaotetea "mdudu" husema kwamba Kiswahili hakina neno mahususi. Hatukubali. Tatizo letu ni wingi wa maneno, na uvivu wa kuyapambanua. Katika kukusanya istilahi tumepita kwa maseremala wa Keko, kwa mafundi wa redio na simu wa Tandika na Manzese, na katika gereji za Mwananyamala. Huko hakuna aliyekosa neno.

Fundi wa gari atasema injini "inamisi", betri "imechoka", swichi "imekufa". Fundi wa simu atasema programu "inagoma" au "inazingua". Haya ni maneno ya mazungumzo, nayo yana utamu wake. Lakini yote yanataja dalili, hayataji chanzo. Seremala ni mpambanuzi zaidi. Kabati lililokwaruzwa lina dosari: linauzika, ila kwa bei ya chini. Kabati ambalo kiungo chake hakikutiwa gundi ya kutosha lina kasoro: litasimama dukani vizuri, kisha litaachia nyumbani kwa mnunuzi. Na ubao anaoushuku lakini hajajua una nini, huo una "walakini". Neno hili la mwisho lapendeza kulitazama. Kiarabu kilitupa kiunganishi chenye maana ya "lakini", nasi tukakifanya jina la ila ambayo bado haijajulikana.

"Ila" nalo ni neno la kale, kama isemavyo methali kwamba kizuri hakikosi ila. Msomaji asilichanganye na "ila" yenye maana ya "isipokuwa"; katika Kiarabu hayo yalikuwa maneno mawili mbalimbali, na katika Kiswahili yamekutana kwa umbo tu. "Ila" ya methali hutajwa zaidi kwa tabia na maumbile. Tunaona ibaki huko.

Yanabaki maneno matatu ambayo yanatufaa sana: kosa, kasoro na hitilafu. "Kosa" ni la Kibantu, nalo linatokana na kitenzi cha kukosa, yaani kutolenga shabaha. Kosa lina mkosaji. Haliwezi kusimama bila mtu. "Kasoro" kila mtoto wa darasa la pili analijua, maana husema ni saa mbili kasoro robo. Ni kile kilichopungua ili kitu kitimie. "Hitilafu" asili yake ni kutofautiana, maana ambayo ingali hai katika kitenzi "kuhitilafiana". Ni tofauti baina ya ilivyopasa kuwa na ilivyokuwa.

Mtu aweza kutushika kwa kauli yetu wenyewe, aseme: mlikataa hoja ya asili kwa Kiingereza, mbona mnaitumia kwa Kiswahili? Tunajibu kwamba hatutegemei Kiarabu cha kasoro wala cha hitilafu. Tunategemea saa mbili kasoro robo, ambayo inasemwa asubuhi hii katika kila kituo cha daladala.

Mpambanuo tunaoupendekeza

Wahandisi wa programu hupambanua hatua tatu, na kamusi ya istilahi iliyotolewa mwaka 1990 na taasisi ya wahandisi ya IEEE ilizitenga. Kwanza mtu hukosea. Pili, kukosea kwake huacha upungufu ndani ya programu, na upungufu huo waweza kulala miaka mingi bila kuonekana. Tatu, siku moja programu huendeshwa kwa namna inayoufikia upungufu ule, nayo hutenda kinyume cha ilivyotarajiwa. Kiingereza cha mitaani huyatupa yote matatu katika kapu la "bug". Kiswahili chaweza kuyatenga bila taabu: kosa huzaa kasoro, na kasoro huzaa hitilafu.

Tutoe mfano. Mama mmoja muuza vitenge sokoni Tandika alitusimulia kwamba alituma fedha kwa simu akakatwa mara mbili. Alipouliza, aliambiwa kulikuwa na hitilafu. Lakini hitilafu alikuwa ameiona mwenyewe kabla ya kuuliza. Ndiyo iliyompeleka kuuliza. Alichotaka kujua ni kama lilikuwa kosa lake, kwa kubonyeza mara mbili, au kasoro ya programu, ambayo imeshindwa kutambua kwamba ombi lile ni lile lile. Jibu la kwanza lamrudisha nyumbani. Jibu la pili lamrudishia fedha. Matangazo yanayosema kwamba jambo fulani limetokea "kutokana na hitilafu ya kiufundi" yana ubovu huo huo: yanamtajia mtu tokeo alilokwisha kuliona, yakaliita sababu.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya sokoni peke yake. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1999 na 2015, wasimamizi wa posta ndogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu na hesabu za uongo, kwa ushahidi uliotokana na programu ya hesabu iitwayo Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Fedha ilizoonyesha programu kuwa zimepotea hazikuwa zimeibwa. Watu walifungwa, wengine walifilisika. Mnamo Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba programu hiyo ilikuwa na kasoro, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu kwa mkupuo. Linalotuhusu sisi wa istilahi ni jambo lililofichuliwa mwaka huo huo mbele ya tume ya uchunguzi: kwamba mwaka 2013 Paula Vennells, aliyekuwa mkuu wa Shirika la Posta, alitafuta neno lisilochoma kwa ajili ya kasoro hizo, na mumewe akamshauri maneno ambayo kwa Kiswahili tungesema "hali ya pekee" au "hali isiyo ya kawaida". Watu walikuwa wamekwisha kufungwa, na wakubwa wakawa wanachagua neno laini.

Katika kesi hiyo ya mwaka 2019 mawakili walitumia maneno matatu kwa pamoja: "bugs", "errors" na "defects". Mfasiri wetu akiletewa hukumu hiyo kesho, naye ameshika "mdudu", ataandika kwamba mahakama iliona wadudu katika hesabu za posta. Msomaji wake atacheka, na mahali pale hapakuwa pa kuchekea.

Hitimisho

Tunapendekeza, basi, kwamba "bug" ya kompyuta iitwe "kasoro", na pale inapohitajika kuieleza zaidi, "kasoro ya programu". Kazi ya kuitafuta na kuirekebisha iitwe "usakaji kasoro", na taarifa anayoitoa mtumiaji iitwe "taarifa ya kasoro". "Hitilafu" itumike kwa tukio lionekanalo, "kosa" kwa tendo la mtu, na "dosari" kwa doa lisilozuia kazi. "Kirusi" libaki lilivyo. "Mdudu" arudishwe shambani na kidoleni.

Hatujidanganyi kwamba watu wataacha kusema mtandao unasumbua. Mazungumzo yana uhuru wake, na neno "hitilafu" litaendelea kubeba mengi vinywani mwa watu. Tunachodai ni kwamba mikataba, vitabu vya shule, maelezo ya matumizi na matangazo kwa wateja yashike mpambanuo huu, kwa kuwa humo ndimo mtu anamotafuta haki yake anapokuwa amedhulumiwa. Wasomaji wenye rai iliyo tofauti, hasa mafundi na watunga programu, wanakaribishwa kutuandikia. Tutafurahi zaidi wakituletea, pamoja na neno wanalolipendekeza, sentensi tatu wanamolitumia.